Petroli ya Mikorosho Yako, Mama

Mama,

Salamu zikufikie huko ulikotangulia, wewe na baba mkwe na wote mliolala pamoja. Sheikh wetu hapa Mtawanya anasema maiti hasomi barua, kinachomfikia ni dua tu. Dua nimeomba, Mama, Ijumaa na siku zisizo Ijumaa. Hii barua ni ya kwangu mwenyewe. Ikikufikia, alhamdulillahi. Isipokufikia, nitakuwa nimepumua.

Mikorosho imetoa maua. Ile mikubwa ya upande wa kisimani ndiyo iliyotangulia kama kawaida yake, ikafuatiwa na mingine yote. Ukitoka nje asubuhi ile harufu yake tamu inakupokea mlangoni, na kila mtu hapa akiisikia anachangamka. Mimi ikinifikia narudi ndani nafunga mlango. Unajua sababu. Katika nyumba hii ni wewe peke yako uliyeijua.

Nakuandikia nikiwa nimekaa nyuma ya ghala, swala ya alasiri imeshapita. Mwanao Zuhura yuko jikoni na mtoto wetu. Hajambo, na mtoto hajambo, anatambaa sasa, anakula mchanga kila tukigeuka. Naanza na hayo ili usishtuke kwa yanayofuata, kwa sababu kuna mambo yametokea, Mama, na bado sijalala vizuri.

Nianzie mbali kidogo. Nilipokuja kumposa mwanao nilitoka Maparoni, kwenye matope na mikoko na mashamba ya mpunga. Mkorosho nilikuwa naujua kwa kula korosho tu. Nikakuta mama mkwe mjane ambaye anapulizia mikorosho yake mwenyewe, na ya majirani pia, amevaa suruali ya marehemu mumewe ndani ya kanga, viatu vya mpira miguuni, kitambaa kimefunga pua na mdomo, na mashine inaunguruma mgongoni. Nilisimama njiani nikakuangalia ukipita chini ya miti, ule unga wa salfa unapanda mpaka kwenye vilele kama moshi wa njano, nikarudi nyuma hatua mbili. Waliokuwa nami walidhani ni heshima ya ukwe.

Haikuwa heshima, Mama. Nilikuwa naiangalia ile mashine. Tanki la petroli liko chini, linagusana na kiuno. Mota inawaka katikati ya mgongo. Salfa iko juu, nyuma ya shingo, na salfa ni kitu kinachoshika moto. Nikasema moyoni, huyu mama amebeba kifo chake kama mtu anavyobeba mtoto, na ameshazoea.

Mjomba wangu kule deltani alikuwa na boti ya mashine. Mchana mmoja tulikuwa tumesimama katikati ya mto, mashine imezima kwa kuishiwa mafuta. Mjomba akainua dumu akamimina, mashine ikiwa bado ya moto vilevile. Moto ulipoanzia sikupaona. Nilichoona ni shati lake. Nilijitupa majini. Yeye naye alijitupa, lakini baada yangu, na ule muda mdogo uliokuwa kati yangu na yeye ndio uliomuua. Zuhura nilimwambia mjomba alikufa kwa ajali ya maji. Si uongo kamili. Ila sikuweza kulitaja lile shati.

Basi nilipohamia hapa kwenu, na watu wakanicheka kwamba mwanamume amekwenda kuolewa, kicheko hicho hakikunisumbua. Kilichonisumbua ni msimu wa kupulizia. Kila ulipofungua dumu la petroli mimi nilikuwa na kazi upande wa pili wa shamba. Kuna kuni za kukata, kuna mbuzi amekata kamba. Ukiwasha mashine mimi nipo nyuma ya upepo, mbali, nimeshika jembe nisilolitumia. Nilidhani najificha vizuri.

Unakumbuka siku ile ulipoongea na kuku? Ulikuwa umechuchumaa pale nyuma ya ghala, unachuja mafuta, mgongo umenipa kama ilivyo adabu kwa mkwe. Ukasema kwa sauti: "Zuhura, mwambie mumeo kwamba mtu anayeyaogopa mafuta ndiye ninayemtaka ayashike mafuta yangu." Zuhura alikuwa kisimani. Hapo palikuwa na mimi na kuku mweupe anayeparua. Halafu nikaja, nikachuchumaa upande wa pili, nikaangalia chini, na ukaanza kunifundisha, maneno yako yote ukimpa yule kuku.

Ulisema petroli ni kama mgeni, usimkaribishe ndani kabla hujamjua. Ulinimwagia tone nyuma ya kiganja. Likaruka likaacha ngozi imekauka na ubaridi. Ukasema hiyo ni petroli. Ikiacha utelezi, ikaacha harufu inayokataa kuondoka, imetiwa mafuta ya taa, na mashine ndogo ikinywa hiyo inakohoa, inachemka, inajiua na wewe ukiwa umeibeba. Ulinionyesha kuiacha itulie kwenye chupa nyeupe ili maji yaliyomo yazame chini. Ulinikataza mafuta yaliyobaki tangu msimu uliopita, ukasema mafuta hulala, na yakilala sana hayaamki, yananuka kama rangi ya zamani na yanaziba matundu ya kabureta. Ulinikataza dizeli, jambo ambalo nilidhani kila mtu analijua, mpaka ukanitajia jirani aliyewahi kuitia. Na oili, ukasema, ni ile ya kuchanganya iliyotengenezwa kwa mashine za namna hii. Si ya bodaboda, wala ile nyeusi iliyomwagwa gereji. Ichanganywe kwenye kidumu, itikiswe, ndipo iingie kwenye tanki. Isichanganywe tankini kama chai.

La mwisho hukulisema kwa kuku. Ulinigeukia. Ndiyo mara ya kwanza niliyaona macho yako uso kwa uso, mekundu kwa salfa. Ukasema: "Mashine ikizima kwa kuishiwa mafuta, itue. Kaa. Mpaka uiwekee kiganja na kiganja kivumilie." Ukanitazama kidogo zaidi ya inavyofaa kwa mkwe. Sikukuambia habari za mjomba, hukuniuliza, na mpaka leo sijui ulijuaje.

Hukunilazimisha kuibeba. Misimu yote ile nilichuja, nilichanganya, nilijaza, na wewe ulibeba. Nilikuwa naomba Mungu mipango ibaki hivyo hivyo, wewe ubebe, mimi nichanganye, tuzeeke.

Ulikufa masika. Asubuhi ulikwenda kisimani, ukakaa chini ukisema kichwa, na tulipokufikisha hospitali ulikuwa husemi tena. Mtoro alikuja kutoka Nyamwage usiku huohuo. Mwanao huyo wa kwanza alilia, Mama, sijawahi kuona mwanamume mkubwa akilia vile, alishika ubavu wa jeneza tangu nyumbani mpaka kaburini na akakataa kupokewa. Nakuambia hili ili nitakayosema juu yake hapa chini yasikufanye ukadhani hakukupenda.

Kwenye matanga wanaume waliulizana nani atapulizia mikorosho ya marehemu. Mtoro akajibu kwamba mkwe yupo, alikuwa akimsaidia mama. Wote wakanigeukia. Nikaitikia kwa kichwa, nikaangalia mkeka.

Baada ya arobaini niliitia mashine ndani ya gunia nikaisogeza mwisho kabisa wa ghala, nyuma ya madebe. Nikasema moyoni msimu bado. Msimu ukaja. Maua yakatoka, umande ukaanza kuwa mzito, na asubuhi moja Zuhura akaja ameshika kishada cha maua kimepakwa weupe kana kwamba mtu amekipulizia unga wa mhogo. Ubwiriunga, ugonjwa uleule uliokuwa ukiupulizia salfa. Akaniwekea mkononi. Nikamwambia plagi imekufa, naisubiri kutoka mjini. Kesho yake nikamwambia kabureta. Siku iliyofuata hakuniuliza. Alikwenda ghalani, akaitoa mashine, akaanza kuipangusa, na akasema kama hakuna anayebeba basi atabeba yeye, kwa kuwa mama yake alikuwa mwanamke pia.

Mama, nilihisi baridi mpaka kwenye meno. Nikaona kanga yake. Nikaona nywele zake. Unajua anavyofunga kanga, ncha zinaning'inia. Nikamwambia angoje, nitakwenda Kibiti mjini kesho kutafuta mafuta.

Sikuwahi kwenda. Alasiri ile Mtoro akafika. Jirani alimpigia simu kwamba mikorosho ya mama yake inakauka maua na mkwe amekaa. Alikuja na dumu amelifunga nyuma ya pikipiki. Alisema mafuta hayo yameshachanganywa, ni tayari, ameyachukua kwa kijana anayeuza barabarani pale Nyamwage, wenye mashine za kukatia majani wote wanachukua kwake. Alikuwa na haraka. Haraka ya mtu mwenye uchungu, anayetaka kufanya kitu kwa mikono yake kwa ajili ya mama yake.

Nilifungua dumu. Kabla hata sijatia kidole, harufu ikanijibu. Nikamwaga tone nyuma ya kiganja nikasubiri. Halikuruka. Lilibaki pale likang'aa kama jasho. Na rangi yake, Mama, ilikuwa na weusi ndani. Oili ya gereji.

Nilimwambia. Nilisema shemeji, haya si mafuta, yametiwa mafuta ya taa, na oili yake ni chafu, tusubiri kesho niende sheli. Mtoro hakunigombeza. Alichoka tu usoni. Akaniuliza kama mikorosho nayo itasubiri mpaka keshokutwa. Nikamrudia kwa sauti kubwa zaidi, Zuhura akasikia, akasimama. Hapo Mtoro akasema: "Petroli ni petroli, shemeji. Wewe unaogopa, na si dhambi. Kaa pembeni."

Alisema kweli kwamba naogopa. Mtu akikuambia unaogopa na ni kweli unaogopa, utasemaje kwamba safari hii unaogopa kitu kilichopo? Na shamba lile ni la mama yake. Mimi ni mtu niliyekuja na begi. Nilikaa pembeni, lakini si mbali. Safari hii sikwenda kutafuta jembe.

Asubuhi yake, umande ukiwa bado majanini, alijaza akavuta kamba. Mashine ilikataa. Akavuta mpaka akavua shati. Ikashika, ikakohoa, moshi mweupe mzito ukatoka, halafu ikaanza kuunguruma ule muungurumo ambao mimi na wewe tusingeukubali, una kugonga ndani yake, kama kijiko kwenye sufuria. Akapita mstari wa kwanza. Akapita wa pili. Zuhura alikuwa anamfuata kwa mbali na mfuko wa salfa kichwani, wa kuongezea. Nami namfuata Zuhura. Kila mti niliopita niliuomba usiwe wa mwisho.

Ikaishiwa mafuta, ikazima chini ya ule mkorosho uliopinda, ule ambao wewe ulikuwa ukipumzika kivulini mwake. Mtoro akaitua. Ekzosi ilikuwa inatoa joto ambalo niliweza kuliona, hewa juu yake inacheza. Akafungua kifuniko cha tanki. Nikasema aache ipoe. Nilisema, Mama, nilipiga kelele kabisa. Alikuwa ameshainua dumu alilokuwa ameliacha pale mtini. Mafuta yakaingia, yakafurika, yakateremka upande wa mota.

Moto haukuwa na mlio. Watu wanadhani moto unalipuka. Ulitoka tu, kama mtu anayeinuka kitini, ukamshika Mtoro mkono mpaka kwenye kiwiko, na dumu likamponyoka likamwagikia majani. Zuhura alikuwa karibu kuliko nilivyodhani. Alitupa mfuko wa salfa, ukapasuka, na salfa ikashika. Moto wa salfa mchana hauonekani vizuri, una rangi ya buluu, unatambaa chini polepole kama maji, na moshi wake unakufunga koo kabla hujajua unavuta nini. Zuhura alisimama katikati hajui aende wapi. Ncha za kanga yake zilikuwa za njano kwa unga.

Miguu yangu ilikimbia, Mama. Sikuiamuru. Ilikimbia kuelekea kisimani, mbali na pale, kama ilivyoruka botini nikiwa kijana. Sijui ni hatua ngapi, si nyingi. Kisha nikasikia Zuhura anakohoa, na kikohozi kile kilikuwa chako kabisa, kile chako cha jioni ya siku ya kupulizia. Nikageuka. Sikuwa jasiri. Nilikuwa naogopa vilevile, ila hofu ilikuwa imegeuka upande, ikawa inanisukuma kurudi kwenye moto.

Nilishika kanga nikaivuta, ikamtoka yote ikabaki mkononi mwangu, nikaitupa, nikamshika yeye nikamburuta mpaka kwenye upepo. Nikarudi kwa Mtoro. Alikuwa anapunga mkono hewani, anaupa moto hewa. Nilimwangusha, nikamlalia mkono kwa mwili wangu na mchanga, tukawa tunachimba mchanga kwa kucha na kumwagia. Halafu tukamwagia mashine mchanga, na salfa, na majani. Majirani walipofika na ndoo palikuwa na moshi tu na harufu ile mbaya, na sisi watatu tumekaa chini tunatapika.

Mkono wa Mtoro umeungua vibaya, lakini ngozi inarudi. Alilazwa Kibiti, sasa yuko kwake Nyamwage, anakwenda kufungwa bandeji. Vidole vinafanya kazi. Zuhura hana alama hata moja mwilini. Mimi nina kovu dogo kifuani, pale nilipoulalia mkono wa shemeji, na siku za mwanzo nilikuwa naligusa kila mara kuhakikisha kwamba jambo lile limetokea na limekwisha.

Halikwisha, lakini. Usiku nikifumba macho nauona moto ule wa buluu unatambaa. Mara unaelekea kwa mjomba, mara kwa Zuhura, mara kwa mtoto, ambaye siku ile hakuwepo kabisa, alikuwa kwa jirani. Nikisikia bodaboda inapita nasimama. Zuhura akiwasha jiko nasimama.

Nilikwenda kumtazama Mtoro hospitalini nikiwa nimejiandaa kukemewa, au kuombwa radhi, na sikujua kipi kingenilemea zaidi. Alipigapiga kitanda kwa mkono wake mzima, nikae. Kisha akasema: "Mashine ya mama shika wewe. Na mafuta uchague wewe. Mimi nikija, hata nikisema nini, usinisikilize." Akageuza uso ukutani. Nami nikaitikia, nikamshukuru, na nilipotoka nje ya wodi nikashika nguzo ya baraza, kwa sababu nilikuwa nimetamani aniambie tuiuze.

Fundi wa mjini aliifungua mashine akanionyesha pistoni ilivyokwaruzwa. Aliniuliza tulikuwa tunainywesha kitu gani. Akabadilisha tanki na mpira, akasugua alichoweza kusugua, akasema itakwenda lakini haitaki tena mzaha. Nikatoka hapo nikaenda sheli. Nilisimama mbali nikaangalia magari yanavyojazwa mpaka yule dada wa pampu akanifuata kuniuliza kama nina shida. Nikanunua petroli, na oili ya kuchanganya yenye kifuniko ambacho hakijavunjwa. Nikapanda bodaboda na kidumu mapajani. Tulipofika kwenye kona ya kutokea mjini dereva akasimama, akatoa sigara. Nilishuka kabla hajatoa kiberiti. Alidhani nimekasirika. Nikatembea mpaka nyumbani, jua la utosi, kidumu kichwani, na sikujutia hata hatua moja.

Nikafanya yote uliyoyasema. Tone kiganjani: likaruka. Chupa nyeupe: ikatulia, chini hakuna maji. Nikachuja kwa kitambaa, nikachanganya kwenye kidumu, nikatikisa. Mikono inajua, Mama. Mikono ilikwenda yenyewe huku sehemu nyingine yote ya mwili ikitaka kuondoka.

Asubuhi iliyofuata niliibeba. Zuhura alinifungia mikanda, nikamwambia arudi nyuma, arudi zaidi, arudi mpaka kwenye njia. Nikavuta kamba. Ikashika mara moja, ikalia sauti safi kabisa, sauti yako. Na hapo hapo nikataka kulia, na kitambaa kimenifunga pua, na mtu hawezi kulia akiwa amefungwa pua, anakabwa. Nikatembea. Niliisikia petroli inacheza kiunoni kwa kila hatua, ile baridi yake inapita kwenye shati. Nilisoma Ayatul Kursiyyu kila mti. Sikuacha kuogopa. Nataka ulijue hilo, nisije nikakudanganya na wewe uko mbele ya haki. Nilipulizia mstari wa kwanza nikiogopa, na wa pili nikiogopa zaidi, kwa sababu sasa mashine ilikuwa imepata moto.

Mafuta yalipokwisha niliitua, nikakaa mbali nayo. Nikasubiri. Nikaenda kuiwekea kiganja, bado. Nikarudi kukaa. Zuhura akaja akaniuliza mbona nakawia, jua linapanda, umande unakauka na salfa haitashika. Nikamwambia akae. Nikamsimulia mjomba, boti, dumu, na lile shati. Miaka yote hii, Mama, nilidhani nikilisimulia litarudi kutokea. Alinisikiliza ameinamisha kichwa, anachora mchangani kwa kijiti. Nilipomaliza hakunipa pole. Aliuliza tu: "Mama alijua?" Nikasema alijua. Akatikisa kichwa taratibu, akafuta alichochora.

Tumepoteza maua ya upande wa barabarani, nisikufiche, yamekauka yote, hayo mwaka huu hayatatupa kitu. Upande wa kisimani yamepona, na juzi nimeona vijikorosho vya kwanza, vidogo kama kucha ya mtoto. Mtoro alikuja kuviona. Alisimama chini ya mti muda mrefu, mkono umening'inia kwenye kitambaa shingoni, akasema utafurahi. Kisha akaniomba nimwonyeshe jinsi ya kulijaribu tone kiganjani. Nikamwonyesha. Akanyoosha ule mkono mzima.

Hayo ndiyo yaliyopita. Sasa linalonifanya nikae hapa na kalamu ni hili. Jana Zuhura alisema anataka kujifunza. Si kama siku ile ya hasira. Alisema kwa utulivu, akiutoa mchanga mdomoni mwa mtoto: hii ni mikorosho ya mama yake, na siku nikiugua, au nikiwa kule kwetu Maparoni kuvuna mpunga, hataki kumpigia simu mtu. Nifundishe, alisema. Kila kitu, kuanzia harufu.

Nilitaka kukataa. Nilikuwa na sababu tayari, nzuri, za mume anayemjali mkewe. Nikaangalia ndani yao nikakuta ni hofu yangu tu imevaa kanzu.

Kwa hiyo kesho nikitoka alfajiri tutatoka wawili. Mtoto atabaki kwa jirani. Nimemwambia aache kanga, avae suruali yangu na afunge nywele. Atajaribu tone, atachuja, atachanganya, na akitosheka, nitamfungia mikanda. Sitakuficha, Mama, mstari huu nimeukata mara mbili kabla ya kuuacha. Nikimwona amebeba ile mashine nitaona kila kitu nilichowahi kukiona. Lakini sitakwenda upande wa pili wa shamba. Nakuahidi. Nitatembea pembeni yake, mti kwa mti, karibu kiasi cha kumfikia kwa mkono.

Lala salama, Mama. Mungu akupe kivuli. Utuombee utulivu wa upepo.

Mkweo,
Hamisi